Nyumba ya Temeke, Miti na Udongo Wake

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua bila kuiona. Ilikuwa Temeke, nami nilikuwa mkunga katika hospitali ya misheni kusini ya Tabora, mwendo wa siku nzima kwa lori mpaka stesheni ya gari moshi. Pwani sikuwahi kufika. Bahari niliijua kwa picha iliyotundikwa darasani tulipokuwa wasichana, na mnazi nilikuwa sijawahi kuugusa. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi nilikuwa mwenye nyumba Dar es Salaam, na nadhani nilianza kutembea wodini kwa namna iliyowaudhi wenzangu.

Wazo lenyewe nililipata kwa mama mmoja aliyekuja kujifungua kwetu. Mumewe alikuwa gadi wa gari moshi, na yeye alikuwa ameishi Dar miaka mingi. Siku tano alizolala wodini alinisimulia habari za vyumba vya kupanga. Alisema watu wanaoshuka kila siku kutoka bara na kutoka kusini hawana pa kulala, na chumba kinapangishwa udongo wa ukutani haujakauka. "Wewe huna mume, huna mtoto," aliniambia bila kukusudia ubaya. "Ukizeeka utakula nini? Nunua nyumba." Mume nilikuwa naye zamani, akaniacha kwa sababu ya hilo la mtoto. Maneno yale yalinikaa.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume Dar, karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Nikamwandikia. Haukupita muda akajibu kwamba amepata nyumba Temeke, vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo, na mwenyewe anataka kuuza haraka arudi kwao Rufiji. Akiba yangu yote ya tangu nianze kazi ikaenda kwa posta, na baada ya wiki kadhaa nikapokea karatasi yenye alama za vidole gumba vya wino. Niliisoma mara nyingi hata nikaikariri:

"Mimi niliyeweka dole gumba hapa nimeuza nyumba yangu ya Temeke, vyumba sita, pamoja na miti yake, udongo wake, makuti yake, milango na madirisha yake, kwa ridhaa yangu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu."

Miti yake na udongo wake! Sikutegemea kupata na shamba. Nikamwandikia mdogo wangu kumuuliza ni miti gani. Akajibu kwa mstari mmoja: "Minazi ipo mingi." Basi nikawaambia wauguzi wenzangu kwamba nina nyumba na minazi, na Krismasi nitawaletea nazi.

Kodi ilianza kuja kila mwezi kwa hawala ya posta. Ilikuwa ikikusanywa na mpangaji wa chumba cha mbele, fundi cherehani, kisha mdogo wangu akanitumia. Lakini kila ilipokuja ilikuwa na upungufu, na kila upungufu ulikuja na maelezo nisiyoyaelewa. "Mwezi huu fundi ametoa ya shamba," mdogo wangu aliandika. Nikafurahi, nikidhani fundi ameanza kulima shamba langu, nikauliza amepanda nini. Jibu likaja: "Hakuna kilichopandwa. Ni ya shamba." Nikauliza tena, shamba gani lisilopandwa kitu? Akajibu kwamba mambo ya pwani hayaelezeki kwa barua.

Nikaomba likizo ya mwezi mmoja. Nikampelekea simu ya maandishi kumwambia siku nitakayofika, nikapanda gari moshi.

Stesheni ya Dar sikumkuta mtu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mdogo wangu alikuwa amepelekwa Mtwara kikazi, na simu yangu ilikuwa imewekwa chini ya mlango wake. Nilikuwa na barua yake moja iliyosema: "Siku ukija, shuka Temeke, uliza nyumba ya fundi cherehani, kila mtu anaijua." Joto la mji lilinikamata kama mtu aliyenifunika blanketi la maji. Nikauliza basi la Temeke, nikapanda, nikashuka walipoambiwa watu washuke.

Palikuwa na mama anakaanga mihogo kando ya njia. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta nyumba ya fundi cherehani.

Yule mama aliacha kijiko ndani ya mafuta. Akasimama, akanishika mikono yote miwili. "Pole, dada. Pole sana."

"Asante, nimeshapoa," nikamjibu, maana nilijua ni pole ya safari.

"Umetoka wapi?"

"Tabora."

"Tabora! Masikini. Peke yako?"

"Peke yangu."

Machozi yakamlengalenga. Nikashangaa. Akamwambia mwenzake amwangalizie karai lake, akanipokea mzigo wangu, akautia kichwani, akanitangulia njiani. Nilimfuata nikiwaza kwamba watu wa Dar wana huruma kupita nilivyoambiwa.

Tulipita kati ya nyumba zilizotawanyika chini ya minazi bila mpango ninaouelewa, nyingine zimetazama huku, nyingine kule. Halafu akasimama, akanionyesha. Mbele ya nyumba pametandikwa mikeka, na juu ya mikeka wamekaa wanaume labda arobaini. Nakumbuka vizuri nilichowaza wakati ule, ingawa naona haya kukisema. Niliwaza: mdogo wangu hakuniambia kwamba wapangaji ni wengi hivi.

Wanaume wale waliinamisha vichwa, wakanipisha. Nikaingizwa kwenye korido. Humo nikasikia kilio cha wanawake, na harufu ya ubani ikanifikia, na ndipo nilipotambua kwamba nimeingia msibani. Lakini msiba wa nani? Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja mnene wa makamo, ambaye wengine wote walikuwa wakimtii, alinikumbatia, akalia begani kwangu, akanifunga kanga kichwani, akanikalisha uani juu ya mkeka. Kisha akaniwekea mapajani ungo wa mchele.

"Chambua, mwanangu," akasema. "Mikono ikifanya kazi, moyo unatulia."

Nikachambua.

Aliyekufa alikuwa yule fundi cherehani. Nililijua hilo kwa kusikiliza. Alikuwa amezikwa siku ileile kabla sijashuka kwenye basi, homa ya siku tatu tu. Kila mtu alidhani mimi ni jamaa wa mtu fulani: wa upande wa marehemu walidhani natoka upande wa mkewe, na wa upande wa mke walidhani natoka kwa marehemu. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mtu hahojiwi msibani. Na mimi niseme nini? Nisimame katikati ya wanawake wanaolia niseme, samahani, mimi ndiye mwenye nyumba, nimekuja kuangalia vyumba? Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia nitasema kesho. Nikalala mkekani na wanawake wengine katika chumba ambacho, kwa hesabu ya barua za mdogo wangu, kilikuwa chumba changu namba nne.

Kesho yake nikamsikia mwenye nyumba akizungumzwa.

"Sasa yule Mnyamwezi atakuja," alisema mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi mbele yangu. "Atakuja kumtoa mama wa watu kabla hajamaliza eda."

"Mnyamwezi gani?" nikauliza.

"Mwenye nyumba hii. Jitu kubwa, jeusi, lina meno ya dhahabu. Halina huruma. Marehemu akichelewesha kodi siku mbili, linaandika barua."

"Ulimwona wapi?"

"Nani asiyemjua?" akasema, akaendelea kukuna.

Niliinamia mchele wangu. Barua ya kuulizia kodi iliyochelewa niliandika, ni kweli. Ilikuwa moja, na nilimwandikia mdogo wangu, wala sikumtaja fundi kwa ubaya. Lakini nilianza kujiuliza kama huenda kuna mtu mwingine, mwanamume kweli, anayejiita mwenye nyumba hii, na mimi nimeuziwa kitu ambacho tayari ni cha mwenzangu. Hofu hiyo ilinikosesha hamu ya chakula, na wanawake wakaona sili, wakanisifu kwa uchungu nilionao.

Nikawa naikagua nyumba yangu kwa macho, kwa wizi, kama mtu anayetazama mali ya jirani. Makuti ya upande wa uani yalikuwa yamechoka. Ukuta wa jikoni ulikuwa umemeguka, vijiti vya ndani vinaonekana kama mbavu. Yule mama mnene alipoona ninatazama pale, akatikisa kichwa.

"Unaona? Hii nyumba nayo ishakwisha. Imebaki miti na udongo."

Nikashika mchele mkononi nikaacha kuchambua. Miti na udongo. Nikautazama tena ule ukuta: miti iliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba, na udongo uliokandikwa kati yake. Ile karatasi niliyoikariri ikapita kichwani mwangu neno kwa neno. Pamoja na miti yake. Udongo wake. Nilikuwa nimenunua ukuta.

Sikutaka kuamini. Alasiri ile mkwezi alikuja, akapanda mnazi uliokuwa nyuma ya choo, akaanza kuangusha nazi kwa ajili ya chakula cha msiba. Nikamsogelea yule mama mnene, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, nazi zile ni za nani.

"Zangu," akasema.

"Huu mnazi wako?"

"Hii minazi yote unayoiona, mpaka kule kisimani. Baba alipokufa, ardhi akachukua kaka yangu, mie nikachukua minazi."

"Na nyumba?"

"Nyumba ya Mnyamwezi."

"Iko juu ya ardhi ya kaka yako?"

Akanitazama kwa mshangao. "Sasa angeiweka wapi?"

Kwetu bara ardhi niliijua mimi. Ukilima ni pako, ukihama unaacha, na mti ulio shambani mwako hakuna mtu atakayekuja kuuvuna. Kwamba ardhi iwe ya huyu, mti uliosimama juu yake uwe wa dada yake, na nyumba iliyo chini ya mti iwe ya mtu wa Tabora, hilo halikuniingia kichwani hata nilipoligeuza mara tatu. Na lile fumbo la "ya shamba" likaanza kufunguka: shamba lenyewe ndilo tulilokalia, na kila mwezi kodi yangu ilimegwa kumlipa mwenyewe.

Mjane wa fundi alikuwa chumba cha mbele, amekaa juu ya godoro chini, amevaa nyeupe, uso kaelekeza ukutani. Cherehani ya mumewe ilikuwa pembeni imefunikwa shuka. Nilikuwa nimeingia mara moja kumpa mkono na wenzangu, basi. Siku ya tatu asubuhi wanawake walitoka chumbani kwake na beseni, wakisema hawezi kuzuia chochote tumboni, uchungu umemshinda. Wakanituma nipeleke maji ya tangawizi.

Nimefanya kazi ya ukunga tangu nikiwa msichana. Kuna mambo mkono na jicho huyajua kabla ya kichwa. Nilimtazama alivyoinuka kupokea kikombe, alivyoweka kiganja nyuma ya kiuno, na nikamtazama shingoni, na usoni chini ya macho. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini. Nikafunga mlango.

"Dada," nikamwambia, "kazi yangu mimi ni ukunga. Niruhusu nikushike tumbo."

Akajilaza. Nikaweka mkono. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema.

"Siku zako umeziona mara ya mwisho lini?"

"Zilikatika. Zamani. Kabla ya mfungo. Mie nikajua ndio uzee umeingia."

"Na hiki kinachocheza?"

"Mchango wa tumbo. Nimekunywa dawa, haukukoma."

"Si mchango," nikamwambia. "Una mimba ya miezi mitano."

Aliutoa mkono wangu tumboni, akaurudisha, akautoa tena. "Miaka kumi na minane," akasema. "Miaka kumi na minane mimi na yeye, hata kuharibika haijapata kuharibika. Anakufa juzi, unaniambia leo?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikamshika. Nje walidhani ni kilio cha kawaida, wakaitikia.

Alipotulia akajifuta kwa upande wa shuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni nani? Nani kakuleta?"

Nikaona kwamba siku nyingine kama ile haitakuja. "Mimi ndiye yule Mnyamwezi."

"Mnyamwezi yupi?"

"Mwenye nyumba."

Akanitazama mdomoni. Sikuelewa, kisha nikakumbuka meno ya dhahabu, nikafungua kinywa kidogo aone.

"Lakini wewe ni mwanamke," akasema.

"Ndiyo."

"Na umekaa uani siku mbili unachambua mchele."

"Nilipewa ungo. Sikujua niseme nini."

Akajivuta akaegemea ukuta. Nilidhani amekasirika, na alikuwa na haki. Badala yake akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa na jibu: "Utanitoa?"

"Nikutoe nikupeleke wapi?" nikamwambia. "Mimi mwenyewe sijui hata ninachomiliki hapa." Nikamweleza habari ya ile karatasi, miti na udongo, na nazi nilizowaahidi watu hospitalini. Huyu mjane wa siku mbili alijiziba mdomo kwa shuka nyeupe, mabega yakamtikisika.

Ni yeye aliyenifundisha. Alinieleza kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akimlipa mwenye shamba kila mwezi, na kwamba alikuwa akiziba makuti kwa fedha ya kodi kila mvua zikikaribia, ndio maana ya upungufu. Akanieleza pia kuhusu eda: mwanamke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, ila akiwa na mimba, eda yake ni mpaka ajifungue. "Kwa hiyo sasa," akasema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe, "nipo kwenye chumba chako mpaka huyu atoke." Sikujua kama ananiomba au ananiarifu. Sidhani naye alijua.

Siku hiyohiyo, baada ya hitima kusomwa na watu kupungua, yule mama mnene alinipeleka kwa kaka yake, mwenye shamba. Mjane alikuwa amemwambia mimi ni nani. Njiani mama yule alisimama mara mbili, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaguna, akaendelea.

Mwenye shamba alikuwa barazani anasuka kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Nikampa karatasi yangu. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, akairudia, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima.

"Karatasi hii ni nzuri," akasema. "Haina kosa hata moja. Nyumba ni yako."

"Na ardhi?"

"Ardhi ni yangu."

"Naweza kuiuza nyumba?"

"Utakavyo. Na anayenunua atakuja kukaa kwangu kwa masharti yangu."

"Na ukinitaka niondoke?"

"Nitakupa muda wa kutosha. Utaondoka na miti yako na udongo wako, sitakuzuia hata kidogo." Hakusema kwa dhihaka. Alisema kama mtu anayenihakikishia haki yangu.

Njiani nilikuwa nimeona vigingi vyenye chokaa nyeupe vimepigwa ardhini, kimoja karibu kabisa na jiko langu. Nikamuuliza vile ni vya nini.

Uso wake ukabadilika. "Hao ni wapimaji wa serikali. Wanasema hii yote ni ardhi ya serikali."

"Basi ni yako au ya serikali?"

"Ni yangu."

"Na serikali wanajua?"

"Binti," akasema, akaichukua tena kamba yake, "usinichanganye."

Mdogo wangu alirudi kutoka Mtwara siku nane baadaye. Alinikuta nimekaa uani nasonga ugali na wapangaji, kanga kichwani, akasimama mlangoni kama aliyeona mzuka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia tangu siku ya kwanza.

"Kwa nini umewaambia watu mimi ni mwanamume?"

"Nani? Mimi?" Alikuwa mkweli kabisa. "Sijasema hivyo. Nilisema mwenye nyumba ni ndugu yangu wa Tabora."

"Na habari ya jitu kubwa?"

Akafikiri. "Nilisema ni mkubwa wangu."

"Na dhahabu?"

"Ya dhahabu siijui."

"Na ardhi? Kwa nini hukuniambia kwamba nanunua nyumba bila ardhi?"

"Dada, kila mtu anajua."

"Mimi sijui! Nilikuuliza ni miti gani. Ukaniambia minazi ipo mingi."

Akageuka akatazama juu, huku na huku, minazi ile ya watu. "Si ipo?" akasema.

Nilimkasirikia siku mbili. Sikuweza zaidi, maana kila nilipoipitia kesi yangu upya, sikupata mahali aliponidanganya. Hata yule aliyeniuzia, aliyekwisha rudi Rufiji, hakunidanganya. Kila mtu alikuwa amesema neno la kweli, na mimi kwa maneno yao nikajijengea shamba.

Mdogo wangu alikuwa na mtu tayari wa kuinunua nyumba. Nilikaa nikawaza wiki nzima. Wakati mwingine niliona kuuza ndio akili, nirudishe akiba yangu, nirudi zangu wodini nisahau. Wakati mwingine nilitazama vyumba vile sita, watu wanaingia na kutoka, na nikaona kwamba ukuta nao ni kitu, maana hao wote walikuwa wanalala ndani yake. Hoja ya mwisho haikuwa hoja. Asubuhi moja mjane aliniita chumbani, akauweka mkono wangu tumboni bila kuniomba, akasema mtoto kahamia upande wa kulia, je, ni vibaya? Nikamwambia si vibaya. Nikatoka nikamwambia mdogo wangu sitauza.

Tukapatana hivi: yeye mjane ashike kazi ya mumewe ya kukusanya kodi. Hatoki nje kwa sababu ya eda, lakini wapangaji wote wanaishi humohumo, watampa mlangoni. Chumba chake asilipie mpaka ajifungue. Yule mama mnene alisema nimekosa akili, kisha akatuma nazi kumi kwa ajili ya safari yangu. Nilizibeba zote mpaka hospitalini, na wenzangu walipoziona wakasema, kumbe ni kweli ana minazi. Sikuwasahihisha.

Barua ilikuja mwishoni mwa kiangazi, kwa mwandiko wa mdogo wangu lakini kwa maneno ya mjane. Amejifungua salama, mtoto wa kike, mkunga alikuwa mzee wa jirani ambaye mikono yake si mizuri kama yangu. Ukuta wa jikoni umeanguka, wapangaji wenyewe wameukandika upya siku ya mapumziko, na kwa hiyo kodi ya mwezi ule imepungua. Mara hii nilielewa kila mstari, au nilidhani hivyo.

Nyumba ile nilikuwa nayo kwa miaka sita. Kila likizo nilikwenda, nikalala chumba chochote kilichokuwa wazi, na kama hakuna, nikalala na mjane na binti yake. Mwenye shamba akafa, wanawe wakaanza kuvutana, kila mmoja akadai alipwe yeye. Mwaka mmoja nililipa mara mbili. Halafu vile vigingi vya chokaa vikafuatwa na barabara kweli. Tukaambiwa nyumba zilizo njiani zitavunjwa, na wenye nyumba watapewa viwanja mahali pengine, mbele kidogo. Mjane alikuwa na wateja wengi wa kushona wakati huo. Akachukua cherehani na mtoto, akapanga chumba Kinondoni. Tulilia wote wawili siku ile, na tulikuwa hatuna jina la kuitana, maana hatukuwa ndugu, na mwenye nyumba na mpangaji tuliacha kuwa zamani.

Nikaenda ofisini kupokea kiwanja. Karani kijana mwenye tai alinionyesha kwenye ramani kipande chenye namba, akaniambia nitie sahihi. Safari hii nilikuwa na miaka sita ya kuumia na kujifunza. Nikaweka kalamu chini.

"Kwanza niambie, ardhi hii ni ya nani?"

"Ya serikali," akasema.

"Basi si yangu."

"Unapewa kibali cha kuitumia. Unalipia kila mwaka."

"Kwa hiyo na mimi ni mpangaji."

Akafikiri kidogo, inaonekana hakuna aliyewahi kumwuliza. "Kwa upande wa ardhi, ndiyo. Kwa upande wa nyumba utakayojenga, wewe ni mwenyewe."

"Na ikiwa kuna mnazi ndani yake?"

Aliinua macho, akaitazama ramani yake, ambayo haikuwa na mti hata mmoja. Akasema hilo atamuuliza mkubwa wake. Akaingia chumba cha ndani, nikasikia sauti mbili zinajadiliana muda mrefu kwa Kiingereza. Alipotoka hakusema walichokubaliana. Alinisogezea tu kalamu, na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, nikatia sahihi.